Uzi: Tarehe zilizoigeuza dunia, na jinsi zilivyopita hapa bandarini kwetu Mombasa

Mwana wa Kuli (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa, na hamjambo nyote.

Juzi usiku mwanangu wa kidato cha pili alikuwa anakariri orodha ya matukio ya historia ya dunia. 1453, Constantinople yaanguka. 1492, Columbus. 1517, Luther. 1789, mapinduzi ya Ufaransa. 1869, Mfereji wa Suez. 1914, vita. Alizitaja zote bila kukosea hata moja. Nikamwuliza, "Katika hizi, ipi iliyofika Mombasa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, hizi ni za dunia."

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Mtoto amezaliwa Majengo. Akitembea nusu saa tu yuko Ngomeni, Fort Jesus. Na bado amefundishwa kwamba dunia iko mahali pengine, sisi tuko hapa tunaisoma.

Marehemu babangu alikuwa kuli Kilindini. Alibeba magunia ya kahawa, simiti na mchele kwa bega tangu ujana wake mpaka kontena zilipomtoa. Alisoma chuo cha Kurani tu, lakini miaka aliihesabu kwa meli. 1967 kwake ulikuwa "mwaka Suez ilipofungwa". Waarabu na Waisraeli walipigana, mfereji ukazibwa, ukakaa hivyo hadi 1975, na meli za kutoka Ulaya zikawa lazima zizunguke Afrika nzima kwa kusini ndipo zitufikie. Vita ile hakuisoma gazetini. Aliijua kwa siku alizokaa nyumbani akingoja meli.

Kwake ndiko nilikoipata hoja ya uzi huu. Naamini dunia haigeuki siku mfalme anapouawa wala siku mji unapotekwa. Hugeuka pale mzigo unapobadili njia au unapobadili chombo, kisha wafalme na vita hufuata nyuma. Na kwa kuwa huu ni mji wa njia, mageuzi makubwa ya miaka 700 hivi yamepita hapa, na mengi yameacha alama ambayo mtoto anaweza kuigusa kwa mkono.

Nianze kabla ya Mreno. Mwaka 1331 Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Nafaka, anasema, huletwa kutoka nje ya kisiwa. Angalieni: mji haulimi chakula chake lakini unakula vizuri. Mji wa namna hiyo unaishi kwa kaskazi na kusi. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Uhindi, kusi inayarudisha. Huo ndio uliokuwa mpango wa dunia upande wetu, na haukuwa na mwenye kuumiliki. Hata Wachina walipokuja na majeshi yao ya majini katika safari za Zheng He, kati ya 1405 na 1433, waliingia katika biashara iliyokuwapo. Malindi ikawapelekea twiga hadi China mwaka 1415. Baada ya 1433 wakaacha safari zile, na bahari ikabaki kama ilivyokuwa.

Sasa 1453. Mwanangu ameandika daftarini kwamba Waturuki walipoiteka Constantinople njia ya viungo ilifungwa, ndiyo maana Wareno wakatafuta njia nyingine. Si hivyo. Sultan Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21, aliuchukua mji kwa mizinga mikubwa na kwa kuburura merikebu juu ya nchi kavu, na lilikuwa jambo zito kweli. Lakini pilipili manga iliendelea kupita Misri kwenda Venice kama kawaida. Wareno walikuwa wameanza kushuka pwani ya Afrika Magharibi miaka mingi kabla. Walichokitaka ni kumruka mtu wa kati.

Wakamruka. Tarehe 7 Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa. Hakuaminiana na wenyeji, na usiku mmoja waogeleaji walikwenda kuzikata kamba za nanga zake. Akaenda Malindi, akapewa rubani, na kwa kusi changa akavuka hadi Calicut, Uhindi, kwa siku 23 hivi. Kurudi alikuwa na haraka, hakungoja upepo wa wakati wake. Safari ileile ikamla karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakafa kwa ugonjwa wa fizi hadi watu hawakutosha kuendesha merikebu tatu, ikabidi moja, São Rafael, aichome moto kusini mwa Mombasa. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka kila mtoto wa Pwani aijue. Mtu anayeitwa mgunduzi wa njia alipata tabu yote hiyo kwa kutojua jambo ambalo nahodha yeyote wa jahazi wa Mji wa Kale alilijua.

Haikutuokoa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji huu na kuutia moto, na 1528 Nuno da Cunha akaurudia. Mizinga ilikuwa imepanda merikebuni, nasi hatukuwa nayo ya kutosha.

Nitaendelea. Karibuni mniongeze na mnipinge.

Mwalimu Mstaafu

Waaleikum salaam. Umeandika vizuri mwanangu, lakini miaka 34 ubaoni hainiruhusu kuupitisha huu bila neno.

Umeyapa magunia kazi kubwa mno. Mbona tauni? Oktoba 1347 merikebu kutoka Caffa, kule Bahari Nyeusi, zilitia nanga Messina na wagonjwa ndani. Katika miaka michache Ulaya ilipoteza theluthi ya watu wake au zaidi, na Cairo nayo ikazikwa 1348. Walionusurika walijikuta wachache, kwa hiyo kazi yao ikapanda thamani. Uingereza ikatunga sheria 1351 kuwazuia vibarua wasidai mshahara zaidi, na 1381 wakulima wakainuka. Hapo hakuna njia iliyohama. Ni kifo kimeigeuza jamii.

Na mbona matbaa? Gutenberg alipochapa Biblia yake kule Mainz, kama mwaka 1455, zilitoka nakala 180 hivi. Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, hazikukaa Wittenberg. Zilichapwa upya na kusambaa Ujerumani yote. Maneno ndiyo yaliyoigeuza dunia pale. Na yalifika hapa vilevile, ingawa yalichelewa: mwaka 1844 alishuka Mombasa Johann Ludwig Krapf, mtoto wa Uprotestanti wa Kijerumani. Miezi michache tu akamzika mkewe Rosina na kitoto chao upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Hakuondoka. Alikaa Rabai akaandika sarufi ya Kiswahili iliyochapwa 1850, na kamusi yake ikatoka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Kiswahili kilikuwa na maandishi yake kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla yake, hilo nalisisitiza. Lakini herufi hizi unazoniandikia leo, mwanangu, zilishuka na matbaa.

Mwana wa Kuli

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Kwenye matbaa nakubali. Nilikuwa nimelipima neno kwa mizani ya gunia, na haifai.

Kwenye tauni naomba tushindane kidogo. Ile tauni ilisafiri na nini? Na nafaka na ngozi, katika merikebu za wafanyabiashara wa Genoa. Ilifuata bandari moja baada ya nyingine, hasa kwa sababu njia ilikuwapo.

Na kuhusu 1517, mimi nina 1517 mbili. Oktoba Luther na hoja zake, sawa. Lakini Januari mwaka huohuo Sultan Selim wa Kwanza aliingia Cairo, na Misri ikawa ya Waturuki. Hii ya pili ndiyo iliyotugusa. Kwa kuishika Misri, Waturuki walipata Bahari ya Shamu, na kupitia Bahari ya Shamu wakaja hadi kwetu. Miaka ya 1580 Mir Ali Bey alishuka pwani hii mara mbili, na watu wa Mombasa, waliokuwa wamechoka na Mreno, wakampokea. 1589 jeshi la majini la Wareno likaja kutoka Goa. Waturuki walikuwa wamejenga ngome kisiwani, Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, wamepiga kambi ng'ambo ya Makupa wakingoja kuvuka, na Mreno anaingia kwa baharini. Mji ukapondwa katikati. Mir Ali Bey alikamatwa akapelekwa Lisbon.

Ngome yetu ilizaliwa hapo. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa hofu kwamba Mturuki atarudi. Kwa hiyo mtoto akisimama pale langoni anasimama mwisho wa mnyororo unaoanzia Constantinople 1453, unapita Cairo 1517, na kufika Mombasa 1593. Tarehe tatu, na ya mwisho ataigusa kwa kiganja.

Iliwafaa miaka mia hivi. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme aliyelelewa na Wareno wenyewe kule Goa na kubatizwa Jeronimo, aliwageukia akaichukua Ngome. Walirudi. Kisha Waomani, waliokwisha kuwatoa Muscat 1650, wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33. Frigeti iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama palepale chini ya kuta. Waomani walipopanda ukuta, ndani walibaki watu wachache kabisa, njaa na maradhi vimewamaliza wengine.

Kijana wa Tudor

Shikamooni wazee. Nimesoma yote hadi hapa. Swali moja: 1492 mmeipita. Hiyo haikufika huku?

Mwana wa Kuli

Marahaba mwanangu. Ilifika, na huenda umeila jana jioni.

Nenda Mama Ngina jioni, ununue muhogo wa kukaanga, upasuliwe, utiwe pilipili na ndimu. Muhogo ni wa Brazil. Pilipili ile nyekundu ni ya Marekani, ya Wahindi Wekundu. Ibn Battuta mwaka 1331 hangeweza kukuta hata kimoja, na ndiyo maana kaandika ndizi na samaki. Sima ya mahindi unayoila mchana, mahindi ni ya Mexico. Papai, nanasi, karanga, tumbaku ya mzee wako, na korosho wanazotuletea kutoka Kilifi, vyote vilivuka bahari baada ya Columbus, vingi kwa mkono wa Mreno. Ndimu ndiyo ya upande wetu huu wa dunia.

Mreno alikaa miaka 200 hivi na tukamtoa. Tulichobaki nacho ni muhogo na maneno. Leso ni lake, meza ni lake, bendera, karata, mvinyo. Na gereza limetokana na neno lao la kanisa. Nalo lina kisa chake, kwa kuwa Ngome iliyokuwa na kanisa lao ndani ilikuja kugeuzwa jela na Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Mimi huwaza hivi: vita vyote vya karne ya 16 havikubadilisha maisha ya mama wa kawaida wa Kwale au Kilifi kama muhogo ulivyoyabadilisha. Ni mmea unaovumilia ukame, unakaa ardhini ukikungoja. Huo ni mgeuko wa dunia uliokuja kimyakimya, na hauna sanamu popote.

Bint Kengeleni

Nawasalimu nyote. Nimekuwa nikisoma kimya tangu juzi na nimengoja muone wenyewe, hamjaona.

Ndugu yangu Mwana wa Kuli, umeandika neno "mzigo" tangu mwanzo. Pilipili, kahawa, nafaka, mahindi. Hujasema kwamba mzigo mwingine ulikuwa watu.

Mimi nimekulia Kengeleni. Kila siku matatu zinapiga kelele "Kengeleni, Kengeleni!" na abiria hawajui kengele yenyewe ni ya nini. Ile kengele ni ya Frere Town, kijiji kilichojengwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Ilipigwa kuwaonya wakaazi wakati wawindaji wa watumwa walipokaribia. Mtu ameshaachiwa huru na bado analala akisikiliza kengele.

Sasa nirudi kwenye daftari la mtoto wako. 1789, Wafaransa wanaivamia Bastille, wanatangaza haki za binadamu. Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa mmoja aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultan wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa visiwa vya Mauritius na Réunion kulima kwenye mashamba. Mapinduzi yalipofika kilele, mwaka 1794, Paris ilifuta utumwa. Wajumbe walipopeleka amri hiyo Mauritius mwaka 1796, wenye mashamba wakawafukuza kisiwani. Napoleon akaurudisha utumwa 1802. Kwa hiyo mtu wa pwani yetu aliyeuzwa Kilwa, mapinduzi yale makuu yalimpita juu kama ndege.

Ukiniuliza mimi, mgeuko wa kweli wa wakati ule haukutokea Paris. Ulitokea Haiti. Agosti 1791 watumwa waliinuka wenyewe, Toussaint Louverture akawaongoza, wakalishinda hata jeshi la Napoleon, na tarehe 1 Januari 1804 Dessalines akatangaza uhuru. Watumwa wameunda taifa! Na Ufaransa ikaja kuwadai fidia, mwaka 1825, faranga milioni 150, malipo ya kujipatia miili yao wenyewe. Mbona hii haimo daftarini?

Na angalieni nguo. Bibi zetu walivaa merikani. Neno linajieleza, ni kitambaa cha Marekani. Mabaharia wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 na Seyyid Said, kikapanda pwani yote. Pamba ililimwa na watumwa Waafrika kusini ya Marekani, ikafumwa kwa mashine za kaskazini, ikaja hapa kununua pembe za ndovu zilizobebwa na watumwa wengine kutoka bara. Pembe zile zilikwenda Connecticut kutengenezewa vibao vya kinanda. Mapinduzi ya viwanda mnayoyasoma kama habari ya James Watt na mvuke yalipita mwilini mwa watu wetu pande zote mbili za bahari.

Mkataba wa kulifunga soko la Unguja ulitiwa saini Juni 1873. Hapa ukanda wa Pwani utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1907. Mwaka 1907! Kuna wazee tuliowaona kwa macho yetu waliozaliwa karibu na siku hizo.

Mwana wa Kuli

Dada yangu, nimeyasoma haya mara tatu. Ni kweli tupu, nami nilipaswa kuanza nayo.

Nitakwambia kwa nini sikuanza nayo. Bibi mzaa baba alikuwa akisema, "Sisi ni watu wa Nyasa," kisha ananyamaza. Ukimwuliza tulikujaje, anainuka kwenda kutazama chungu jikoni. Hatukujua jina la kijiji wala jina la babu aliyekuja. Majengo nzima kuna nyumba za namna hii, na sote tulijifunza kutouliza. Nimeandika kuhusu magunia kwa sababu magunia yana hesabu. Kwetu sisi hesabu ilikatwa.

Basi naibadili hoja yangu mbele yenu nyote. Njia ikihama dunia hugeuka, hapo bado nasimama. Lakini swali la kwanza liwe nani aliyebebwa juu ya njia hiyo na nani aliyebeba.

Kwa jicho hilo nitazame karne ya 19. Suez ilifunguliwa 17 Novemba 1869. Tangu 1872 meli za posta za Waingereza zikawa zinakuja kwa ratiba kutoka Aden hadi Unguja, na meli ya moshi haingoji kaskazi. Nahodha aliyekuwa bingwa wa upepo akawa mtu wa biashara ndogondogo. Kisha kule Berlin, Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa ya Ulaya yakakubaliana kanuni za kugawana Afrika, pasipo Mwafrika mezani. Mwaka uliofuata, 1886, Waingereza na Wajerumani wakapima maili kumi za pwani wakasema hizi za Sultan, zilizobaki zetu.

Mwaka 1896 reli ikaanza kutandikwa kutoka hapa kisiwani. Vibarua 32,000 hivi waliletwa kutoka Uhindi, karibu 2,500 wakafa, na Desemba 1901 chuma kikafika ziwani, Kisumu. Huo ndio mgeuko mkubwa zaidi kwa mji huu tangu 1498, kwa maoni yangu. Kabla ya reli, Mombasa ilitazama baharini, jirani zake ni Muscat, Bombay na Lamu. Baada ya reli ikageuzwa uso ikawa mlango wa bara. Nairobi, iliyoanza 1899 kama kambi ya reli, ikatupokonya makao makuu mwaka 1905. Meli kubwa hazikutosha Bandari ya Kale, zikahamia Kilindini penye kina, kama jina lenyewe linavyosema.

Msafiri wa Likoni

Nami niongeze la vita, maana kwetu limo nyumbani.

Novemba 1914, miezi minne baada ya yule mrithi wa Austria kuuawa Sarajevo, Waingereza walileta askari 8,000 hivi kutoka Uhindi kuishambulia Tanga. Wakashindwa vibaya na Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa wachache zaidi. Nyuki walitoka mizingani wakauma pande zote mbili. Waliobaki waliletwa hapa Mombasa. Vita ya Ulaya ilitufikia hivyo, kwa majeruhi kushushwa gatini.

Babu yangu mkubwa alichukuliwa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kubeba shehena za jeshi hadi ndani ya Tanganyika. Hakurudi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Hatuna kaburi. Nikipita zile sanamu za maaskari barabara ya Jomo Kenyatta huwa nasimama kidogo nasoma Fatiha, kwa sababu sina pengine pa kuisomea. Na vita ikiisha, Septemba 1918, homa ile iliyoua mamilioni duniani ilishukia bandari yetu kwa meli na kupanda bara kwa reli.

Ya pili wengi hawaijui. Aprili 1942 Wajapani walipoipiga Ceylon, jeshi la majini la Uingereza la Mashariki lilihamia Kilindini. Wataalamu wao wa kufumbua maandishi ya siri waliwekwa shule ya Allidina Visram, ileile mnayoijua, inayotazama maji. Pale ndani ya madarasa walifumbua mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani, hivyo zikajulikana ziendako. Lakini bahari ilidai deni. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka hapa kwenda Colombo na askari wa Afrika Mashariki ndani. Nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache, wakafa karibu watu 1,300.

Mwalimu Mstaafu

Allah awarehemu. Niongeze mstari mmoja tu kwa waliorudi. Januari 1947 Mombasa ilisimama: wafanyakazi 15,000 hivi wa bandari, reli na majumbani waligoma karibu wiki mbili, na Chege Kibachia akawa sauti yao mpaka alipokamatwa Agosti. Mwezi huohuo wa Agosti India ikajitawala. Nawaambia wanafunzi wangu wa zamani waliomo humu: nilipowafundisha 1947 niliwafundisha Delhi tu. Nilikosa.

Kijana wa Tudor

Na baada ya uhuru? Au dunia imeacha kugeuka?

Mwana wa Kuli

Haijaacha. Uhuru wenyewe ulipita hapa kwa karatasi pia: Oktoba 1963 Sultan wa Unguja aliuachia ukanda huu wa Pwani kwa makubaliano, na Desemba 12 bendera ikapandishwa. Hilo ni la uzi wake, tena mrefu.

Mimi nitataja tarehe ambayo haimo katika daftari lolote la shule. 26 Aprili 1956, meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston na masanduku 58 ya chuma. Mwenyewe aliitwa Malcom McLean, mtu wa malori. Kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola sita. Kwa masanduku yake kukashuka chini ya senti ishirini. Hakuna mfalme aliyeuawa siku ile. Lakini ndiyo sababu shati la China linauzwa Kongowea kwa bei ya soda mbili, na ndiyo sababu babangu alirudi nyumbani mchana mmoja akiwa na bahasha mkononi. Kazi iliyohitaji genge zima la makuli kwa siku kadhaa, winchi na madereva wachache wakaimaliza kwa zamu moja. Hakulaumu mtu. Aliitundika ndoano yake ya kuvutia magunia nyuma ya mlango, na bado iko pale.

Na ya mwisho mliyoishuhudia ninyi nyote: 2009, nyaya za chini ya bahari zilipotua hapa Mombasa, TEAMS mwezi Juni kutoka Fujairah na SEACOM mwezi uliofuata. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti. TEAMS imelala karibu na njia ileile ya majahazi, kutoka Ghuba hadi kwetu. Na uzi huu mnaousoma umepita humo.

Bint Kengeleni

Basi tuwatoe watoto madarasani. Nani atakuja?

Mwana wa Kuli

Mimi na mwanangu, Jumamosi hii inshallah. Tukutane langoni mwa Ngome saa tatu asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Kutoka hapo tutaingia Mji wa Kale hadi Bandari ya Kale tuyaone majahazi yaliyobaki, kisha barabara ya Jomo Kenyatta kwenye sanamu, ndugu wa Likoni atuongoze dua. Baada ya adhuhuri tupande matatu hadi Kengeleni, na hapo dada wewe ndiye mwalimu wetu. Kijana wa Tudor, lete wenzako. Mwalimu, tutakutafutia kiti kila kituo.

Ndoano ya mzee nitakuja nayo, watoto waishike wajue uzito wake.